Mtoto ana kadi, mama hana: nani anatupima kati ya mimba moja na nyingine?

1. BintiIgombe (mleta mada)

Habari zenu, wanajukwaa. Nina swali lililonikaa rohoni tangu wiki iliyopita, nami nimeona nilete hapa kwa kuwa humu wamo akina mama, wauguzi na waume zetu pia.

Mwanangu wa kwanza ana mwaka mmoja na miezi mitano. Juzi nilifungua kadi yake nikahesabu mahudhurio: ni 14. Kuna chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, matone ya vitamini A, surua ya miezi 9, na katikati yake mizani ya kila mwezi. Mara 14 nimekaa kwenye benchi lile lile nikiwa nimempakata, na kila mara mtoto amevuliwa nguo, akaning'inizwa kwenye mizani, na uzito wake ukachorwa kwenye kadi. Mimi sikuguswa hata kidole. Hakuna aliyenifunga mpira wa presha mkononi, ilhali mimba ile niliimaliza nikiwa na presha ya 150 kwa 100 na miguu iliyovimba kiasi cha kushindwa kuvaa kandambili.

Sasa nina mimba ya pili ya miezi miwili. Nilipokwenda kufungua kadi, wingi wa damu ulikuwa 7.8 tu, na muuguzi akaniuliza kwa ukali, "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Nilikuwa hapo hapo, kwenye benchi lake.

Je, ni zahanati yetu tu, au ndivyo ilivyo kote huku kwetu ziwani, mkoani Mwanza? Na kama ndivyo ilivyo, tatizo liko wapi hasa? Naomba kuwasilisha.

2. Mchokozi_Mwaloni

Mleta mada, mtu anayehesabu mahudhurio ya kliniki namna hii alistahili kuajiriwa na halmashauri awe mkaguzi wa hesabu. Hata hivyo, mtoto hajafikisha hata mwaka na nusu na mimba ya pili imekwisha kufika miezi miwili? Huyo shemeji yetu naye angefunguliwa kadi yake.

3. SistaZamu

Mimi ni muuguzi katika mojawapo ya wilaya za mkoa huu, na nitajibu bila kujitetea sana.

Siku ya kliniki ya watoto tunakuwa wawili, na akina mama hawapungui 80. Kila mtoto ana mstari wake katika rejesta, na kila safu inadai kujazwa. Mwisho wa mwezi taarifa za MTUHA, yaani mfumo wa takwimu za vituo vya afya, hupelekwa wilayani, na idadi ya chanjo isipolingana na chupa zilizotumika, simu inapigwa siku hiyo hiyo. Presha ya mama aliyemleta mtoto haina safu katika rejesta ile. Nikiipima, nitaiandika wapi, na nani ataniuliza nisipoipima? Mwongozo unamtaka mama arudi ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Baada ya siku ya 42 kadi yake ya ujauzito imekwisha kazi, naye anakuwa mtu wa kawaida ambaye akiumwa atakwenda dirisha la wagonjwa wa nje kama wengine.

Nikiri jambo moja zaidi: hata hiyo siku ya 42, wengi wetu tunamuuliza mama swali moja tu, nalo ni njia gani ya uzazi wa mpango anayoitaka. Akijibu kwamba atafikiria, tumeachana.

4. Mwalimu_Sengerema

Sista, nakuheshimu, lakini sikubali kwamba rejesta ndiyo kiini cha jambo hili. Kiini ni fedha. Kwa sera yetu, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wana msamaha wa malipo katika vituo vya umma, na mzee wa miaka 60 asiyejiweza naye yumo. Angalieni aliyeachwa nje. Mke wangu alipokuwa mjamzito alipimwa wingi wa damu bila kutoa senti. Miezi minne baada ya kujifungua akawa anasikia kizunguzungu na moyo kumwenda mbio, tukarudi kwenye maabara ile ile kwa kipimo kile kile, tukadaiwa fedha ya kumwona daktari na fedha ya kipimo. Akaniambia, "Basi ngoja nishike mimba nyingine ndipo nipimwe." Yeye alikuwa anatania. Jirani yetu alikuja kupimwa kisukari akiwa na mimba ya tano, na akajulikana kuwa alikuwa nacho tangu zamani.

5. MamaDagaa

Mwalimu amesema la fedha, nami niongeze la chakula. Ninauza dagaa pale Kirumba mwaloni. Tunaamka saa kumi usiku, tunakunywa chai ya rangi na andazi, na chakula cha maana kinapatikana jioni kama biashara imekwenda vizuri. Dagaa ninazoanika mimi haziingii nyumbani kwangu, kwa sababu kila debe lina bei yake. Sangara ndiyo kabisa, sisi tunayajua mapanki, yale mabaki yake ya mifupa. Wenzangu wengi wanatafuna pemba, ule udongo wa kula, kutwa, wajawazito na wasio wajawazito. Damu itatoka wapi?

Lakini na vijiti vya uzazi wa mpango navyo vinachangia. Nilipowekewa nilitokwa na damu siku 20 mfululizo, na kila aliyeishiwa damu pale mwaloni ukimuuliza atakwambia ana kijiti.

6. SistaZamu

MamaDagaa, kuhusu chai na udongo umesema kweli tupu: vyote viwili huzuia madini ya chuma kufyonzwa vizuri, hasa vikiandamana na chakula. Kuhusu vijiti ninaomba nikusahihishe. Ni kweli kwamba hedhi huvurugika, hasa katika miezi ya mwanzo, na wengine hupata matone ya damu kwa siku nyingi. Lakini kwa kawaida damu inayopotea kwa jumla si nyingi kuliko hedhi ya kila mwezi. Njia inayoweza kuongeza hedhi ni kitanzi cha madini ya shaba. Hata hivyo, siku 20 mfululizo ni sababu tosha ya kurudi kituoni ukaangaliwe, na aliyekuwekea alipaswa kukwambia hivyo kabla hujashuka kitandani.

Jambo ambalo akina mama hawaambiwi ni hili: mimba moja humgharimu mwanamke takriban gramu moja nzima ya madini ya chuma. Shirika la Afya Duniani linashauri vidonge vya madini hayo viendelee wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Wangapi humu waliendelea navyo?

7. Mchokozi_Mwaloni

Mke wangu alivificha chini ya godoro tangu mimba ikiwa changa, alisema vinanuka kama misumari. Nilivikuta tulipohama.

8. Nansio_Yangu

Nimesoma kuanzia bandiko la kwanza, na nimesita kuandika.

BintiIgombe anasema alikwenda kliniki mara 14 bila kupimwa. Mimi sikwenda hata mara moja, kwa sababu sikuwa na mtoto wa kupeleka. Mimba yangu ya kwanza ilifika wiki ya 33. Nilianza kuumwa kichwa siku ya Ijumaa, Jumamosi macho yakawa yanaona vimulimuli, na usiku nikapata degedege. Kutoka kisiwani kwetu Ukerewe hadi kuvuka kwenda Mwanza ni safari ya majini ambayo wenyeji wanaijua. Mtoto alizaliwa amekwisha fariki, mimi nikapona. Niliruhusiwa baada ya siku sita. Katika karatasi yangu kulikuwa na dawa za presha za wiki mbili na neno "arudi", bila tarehe na bila kusema arudi wapi.

Nyumbani maziwa yalikuja. Mama yangu mdogo alinifunga kifua kwa khanga. Wanawake walikuja kunipa pole na kuniambia kwamba Mungu atanipa mwingine, na kweli mwaka uliofuata nilishika mimba. Katikati hapo sikukanyaga kituo cha afya. Kliniki ile ni ya watoto, na ningekaa vipi kwenye benchi lile mikono mitupu? Hakuna aliyenitafuta. Hata dawa zilipokwisha sikujua kama presha imeshuka au la.

Mimba ya pili nilianza kliniki ikiwa na miezi sita, kwa woga. Daktari aliponisikiliza aliweka kalamu mezani akasema kwamba mtu mwenye historia kama yangu huanzishiwa aspirini ya kiwango kidogo mapema, na kwamba wakati wake ulikuwa umepita. Huyo mtoto yuko hai, yuko darasa la kwanza. Lakini ninajiuliza hadi leo kwa nini maneno yale hayakusemwa siku ile nilipotoka wodini.

9. MamaDagaa

Pole sana, mama. Umenikumbusha mdogo wangu.

10. Kijana_wa_Tiba

Pole, dada Nansio_Yangu. Ninasomea udaktari, mwaka wa nne, na ninaomba nieleze kwa nini muda una maana kubwa kiasi hicho.

Kwa mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba kama wewe, Shirika la Afya Duniani linapendekeza aspirini ya miligramu 75 kila siku, ianzishwe kabla ya wiki ya 20, na inafaa zaidi kuanzia karibu na wiki ya 12. Mwanamke anayefungua kadi akiwa na miezi mitano au sita amekwisha kukosa dirisha hilo. Hali ni mbaya zaidi kwa foliki asidi, vitamini inayokinga mgongo wa mtoto: mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, yaani kabla wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Watoto wenye mgongo wazi tunaowaona wodini, mama zao walipewa foliki asidi kliniki. Ilikuja baada ya jambo kuwa limekwisha kutokea. Kwa hiyo kazi hii haiwezekani kufanywa ndani ya mimba hata muuguzi awe hodari namna gani.

Mleta mada, kwa presha uliyoitaja, hili la aspirini linakuhusu sasa hivi. Muulize daktari wiki hii, usingoje tarehe ya kadi.

11. MzeeWaUsagara

Nyinyi vijana mnaandika kana kwamba jambo hili limegunduliwa juzi. Wazee wetu walijua. Mke akijifungua alikwenda kwa mama yake, akalishwa uji wa mtama na supu, na mume hakumsogelea hadi mtoto atembee. Aliyevunja utaratibu aliambiwa amembemenda mtoto, yaani amemdhoofisha, na kijiji kizima kilijua. Hakukuwa na kadi wala rejesta, na watoto walipishana miaka miwili vizuri kabisa.

12. Ng'wana_Misungwi

Shikamoo, mzee. Ninakubali sehemu ya uji na supu. Lakini hilo la kubemenda limeumiza wanawake wengi. Mtoto wangu alikonda kwa sababu ya kuhara, nikaambiwa na mawifi kwamba nimembemenda, nikaona aibu kumpeleka hospitali wiki mbili nzima. Na katika masimulizi hayo mume hasemwi kamwe, utadhani mwanamke alijibemendea peke yake. Isitoshe, mume aliyekaa mbali hakuwa anakaa bure, na alichokileta nyumbani siku anarudi tulikuja kutibiwa sisi.

13. SistaZamu

Marahaba niliyoisubiri kwa mzee haijaja, naona ameinuka kwenda kunywa maji.

Mzee, kuna sahihisho moja la hesabu. Ushauri wa miaka miwili hauhesabiwi kutoka mtoto hadi mtoto. Unahesabiwa kutoka kujifungua hadi kushika mimba inayofuata, angalau miezi 24. Ukiongeza miezi 9 ya mimba, watoto wanapishana miezi 33, karibu miaka mitatu. Kwa aliyefanyiwa upasuaji muda huo ni wa kutiliwa mkazo zaidi, kwa kuwa kovu la mfuko wa uzazi likipata uchungu mapema linaweza kuachia.

14. MamaDagaa

Lakini anayenyonyesha si hashiki mimba? Mimi kwa wawili wa kwanza ilikuwa hivyo.

15. Kijana_wa_Tiba

Inazuia kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto awe chini ya miezi sita, anyonye maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na hedhi iwe haijarudi. Mama anayeacha mtoto kwa bibi na uji wa chupa tangu saa kumi usiku ili awahi mwaloni amekwisha kuvunja sharti la pili. Kwa wawili wa kwanza ulikuwa bado huuzi dagaa, au nimekosea?

16. MamaDagaa

Hukukosea.

17. Mwalimu_Sengerema

Turudi kwenye mada. Kuna ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja nao umetuzunguka, nao ni kichocho. Akina mama wanafua na kuchota maji ziwani kila siku, na kichocho hicho hicho huingia kwenye via vya uzazi, kikaleta vidonda na utasa. Kila mwaka dawa zinagawiwa shuleni kwangu kwa watoto. Mama zao hawamo kwenye orodha.

18. Mtu_wa_Maabara

Mwalimu, umesema vizuri ila umechanganya aina mbili. Kichocho kinachotawala ufukweni na visiwani ni kile cha matumbo, ambacho huharibu ini na kumpotezea mtu damu kidogo kidogo. Kile cha kibofu, ambacho ndicho hasa kinachoingia kwenye via vya uzazi vya mwanamke, tunakiona zaidi bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Misungwi na Kwimba. Dalili zake, yaani kutokwa na uchafu, damu baada ya tendo na maumivu ya kinena, hufanana na za magonjwa ya zinaa, na wanawake wengi wametibiwa zinaa mara tatu au nne, ndoa zikavunjika, kumbe ni minyoo iliyotoka lamboni. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, haikatazwi kwa anayenyonyesha.

Kuhusu orodha uko sahihi. Ninayemwona maabara ni mtoto wa shule na mjamzito, na yule wa katikati haji.

19. Mwalimu_Sengerema

Nimekubali sahihisho, wabeja. Sasa nimrudie Sista. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mkoa huu huu wa Mwanza, ulifanyika utafiti wa kutibu magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati za kawaida za vijijini, kwa wahudumu waliokuwapo, baada ya kuwapa mafunzo, dawa na usimamizi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Kumbe zahanati zenye foleni zinaweza, mradi zikiagizwa na zikipewa vifaa. Kwa hiyo hoja ya benchi la watu 80 hainitoshi.

20. SistaZamu

Umesema mwenyewe, mwalimu: mafunzo, dawa na usimamizi. Niletee hivyo vitatu.

21. BabaTatu

Mimi ni mwanaume, na nimefuatilia kimya. Mtoto wetu wa kwanza aliugua ugua, mikono na miguu ikivimba, tukatibu malaria bila idadi. Wa pili alikuwa mzima. Wa tatu akaanza kama wa kwanza, ndipo tukapelekwa hospitali ya Bugando na kuambiwa ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Daktari alituchorea: mimi nina chembe moja ya urithi ya ugonjwa huo, mke wangu ana moja, na katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata ugonjwa wenyewe. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, na mke wangu alikuwa ametolewa damu mkononi katika mimba zote tatu kwa vipimo vingine. Hatukuwahi kuulizwa kama tungependa kujua. Lakini nikisema ukweli, hata mimi sikuwahi kukanyaga kliniki hadi siku hiyo, na kama wangeniita peke yangu nisingekwenda.

22. Ng'wana_Misungwi

Hapo ndipo penyewe. Tumelaumu rejesta, fedha, chakula na maji ya ziwa. Mume anayekaa dago, kambi ya wavuvi, miezi mitatu na kurudi akitaka mtoto hatumtaji mpaka ajitaje mwenyewe.

Nina swali kwa wataalamu. Mimba yangu iliharibika mwezi wa pili wa ujauzito, nikasafishwa. Mmoja ameniambia nisubiri miezi sita, mwingine amesema hata sasa hivi ni sawa. Nimfuate yupi?

23. Kijana_wa_Tiba

Pole. Wote wawili wana pa kusimama. Miezi sita ni ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Kwa upande mwingine, utafiti mkubwa wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba walioshika mimba ndani ya miezi sita baada ya kuharibikiwa walifanya vizuri kuliko waliosubiri zaidi.

24. SistaZamu

Uskoti hawana malaria, kijana. Mwenzetu apime wingi wa damu kwanza, halafu tuzungumze miezi.

25. Mchokozi_Mwaloni

Mimi ninaona mnakuza mambo. Vifo vya uzazi nchini ni 556 kwa kila vizazi hai 100,000, hapo ndipo pa kupigania, kuliko kumpima presha mtu aliyekwisha kujifungua salama.

26. Mtu_wa_Maabara

Takwimu hiyo ni ya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16. Ule wa mwaka 2022 umetoa 104. Na huyo unayesema amejifungua salama na presha yake ndiye atakayeingia kwenye hesabu inayofuata kwa mimba inayofuata.

27. Mwalimu_Sengerema

Kwa wanaouliza njia ya kukwepa malipo: Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa umekuwa ukitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mke wangu aliitumia kadi hiyo kupima damu na presha bila mimba yoyote. Dawa alizoandikiwa tulizinunua dukani, lakini kipimo kilifanyika.

28. Nansio_Yangu

Na kama kaya ni ya watu tisa?

29. BintiIgombe (mleta mada)

Ahsanteni nyote. Shemeji yenu amesoma bandiko la 2 na la 22, akanyamaza jioni nzima. Nimemwona daktari jana, nimeanzishiwa vidonge vya damu na nimeandikiwa ile aspirini kuanzia wiki ya 12. Presha ilikuwa 138 kwa 88, na ninatakiwa kuipima kila wiki.

Leo nilimpeleka mtoto kwenye mizani. Alipokwisha kuteremshwa, niliweka mkono wangu mezani nikaomba nami nipimwe. Muuguzi alinitazama, akacheka, akapima. Mama aliyekuwa nyuma yangu akaweka wake, na aliyemfuata naye akaweka. Tulipofika watu sita mashine ikazima.

30. SistaZamu

Ni betri hizo. Kwetu zinakwisha kabla ya saa tano. Mara nyingine wahi, na ukiweza ubebe zako, nne ndogo.